Fikasi inapukutika tangu ihamishiwe kwenye ndoo kubwa: niirudishe kwenye kopo lake au niiache?

MwalimuWaIyunga

Wanajamvi, habari za jioni kutoka Mbeya. Naomba wenye uzoefu na maua ya ndani wanisaidie, maana hali imekuwa mbaya.

Nina fikasi, ile ya majani madogo yanayong'aa na matawi yanayoinamia chini. Jirani yangu alihamishiwa Dodoma kikazi, gari la mizigo likajaa, akaniachia huu mti akisema una umri mmoja na kitinda mimba wake. Kitinda mimba yuko darasa la tatu. Kwa hiyo mnaelewa kwamba siwezi kumwambia tu "ulikufa, pole".

Ulikuwa kwenye kopo la rangi la lita 4, na kweli palishakuwa padogo. Mizizi ilikuwa inachungulia kwenye matundu ya chini, ukimwagilia maji yanapita moja kwa moja hadi sakafuni. Mwanzoni mwa Juni akapita kijana mmoja wa bustani, wale wanaozunguka mitaani na mkasi na reki, akasema mti unateseka, tuuhamishe. Nikatoa ndoo ya lita 20. Bidii alikuwa nayo, hilo simnyimi. Alikung'uta udongo wote wa zamani, akaiosha mizizi kwenye karai mpaka ikatakata, akaipunguza ile mirefu, akaweka kokoto chini ya ndoo, akajaza udongo mwekundu wa uani aliouchanganya na samadi ya kwa jirani mwenye ng'ombe. Akashindilia kwa ngumi. Akaniachia maagizo: maji asubuhi na jioni mpaka ushike.

Haujashika. Majani yalianza kulegea, yakaja njano, sasa kila asubuhi nafagia. Upande mmoja yamebaki matawi matupu. Udongo wa juu umekauka hadi umepasuka, kwa hiyo namwagilia, lakini majani hayainuki. Nimeusogeza dirishani upate jua la mchana, sioni tofauti. Baridi nimeiondoa kwenye hesabu, kwa sababu usiku tunaingiza jiko la mkaa sebuleni na mti uko hapo hapo karibu na joto.

Nauliza: niurudishe kwenye kopo lake la zamani? Niuwekee mbolea? Nikate yale matawi matupu? Jirani hupiga simu ya video Jumamosi, anaulizia watoto kisha anaulizia mti. Jumamosi iliyopita nilimwonyesha upande wenye majani.

---

Kijana_wa_Soweto

Hiyo ni njaa tu, madam. Mahindi yakiwa njano tunapiga urea na yanarudi kijani. Kijiko kimoja cha chai na maji ya kutosha, mchezo umeisha.

---

MamaMaua_Njombe

Kamwene mwalimu. Pole sana, na tafadhali hiyo urea iache dukani.

Kabla watu hawajakupa dawa nijibu machache. Ndoo ina matundu, na yako wapi? Majani yanayodondoka ni yale ya ndani karibu na shina au hata ya nchani? Ukisema udongo umekauka, umepima kwa macho au umeingiza kidole? Chukua kijiti cha mishikaki, kichomeke pembeni mwa ndoo mpaka chini kabisa, kikae kidogo, ukitoe uangalie kimetoka na nini.

Na kuhusu dirisha. Sisi wa Njombe tumeumizwa sana na madirisha. Mchana panavutia, jua zuri, usiku kile kioo kinakuwa cha baridi kabisa, nawe ukivuta pazia umeufungia mti nje pamoja na baridi. Fikasi ni mti wa nchi za joto, ukishuka chini ya nyuzi 10 unalalamika, na Mbeya usiku wa Juni na Julai mnashuka hapo bila shida. Mimi vyungu vyangu jioni huvirudisha ndani, hatua mbili tatu kutoka kwenye kioo. Kazi ya kuchosha lakini nimeizoea.

---

BabuMiche_Tukuyu

Ugonile mwanangu. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Nimeendesha kitalu kwa miaka mingi, miche ya parachichi na ya miti ya vivuli, kwa hiyo kuhamisha miche ndiyo kazi iliyonilea. Nitaandika kwa urefu, wenye haraka wapite.

Kwanza elewa mti wako umepoteza nini. Ile mizizi minene unayoiona kwa macho kazi yake ni kuushikilia mti na kupitisha maji. Inayokunywa hasa ni vinyweleo vidogo mno, viko karibu na ncha za mizizi michanga, vimeng'ang'ania chembe za udongo. Ukikung'uta udongo wote, vingi vinakatika navyo. Ukiosha kwenye karai, vilivyobaki vinabaki kwenye karai. Halafu mkasi ukamalizia ncha. Yule kijana alifanya usafi mzuri sana, akauacha mti bila midomo. Huko juu majani ni yale yale, yanaendelea kutoa maji hewani mchana kutwa, na hewa ya Mbeya kipindi hiki cha kiangazi ni kavu. Yanayotoka ni mengi, yanayoingia ni machache. Mti wenye akili hupunguza majani mpaka hesabu ikae sawa. Kupukutika kwa fikasi peke yake si kufa. Hata ukiitoa chumba hiki kwenda kile inaweza kukudondoshea majani.

Sasa hapo ndipo watu wengi wanapoulia mti. Jani la mti wenye kiu na jani la mti uliozama maji yanalegea kwa namna ile ile. Mizizi inahitaji hewa. Ikikaa kwenye tope inakosa hewa, inaoza, na ikioza hainywi tena, basi juu unaona kiu na chini kuna bwawa. Wewe ukiona kiu unaongeza bwawa.

Tazama ndoo yako. Lita 20 kwa mizizi iliyokuwa kwenye lita 4, tena iliyopunguzwa. Mizizi iko katikati kidogo, kuizunguka kote ni udongo ambao hauna mtu wa kunywa maji yake. Na huo ni udongo mwekundu wa mfinyanzi, umeshindiliwa kwa ngumi. Juu unapasuka kwa upepo na jua, ndani umeshikilia maji. Msimu wenyewe ni wa baridi, mti hata ukiwa mzima hunywa kidogo. Maji asubuhi na jioni? Mimi niko Tukuyu, kwetu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka na kijiti cha uzio kinachipua, lakini hata miche yangu ya nje siinyweshi hivyo mwezi wa sita.

Samadi. Ilikuwa bado inanuka? Kama ndiyo, ilikuwa mbichi. Samadi mbichi ina amonia na chumvi nyingi, na chumvi ikizidi kwenye udongo mzizi unashindwa kuvuta maji, hata unaweza kunyang'anywa yale uliyonayo. Huyu aliyekuambia urea anakuongezea chumvi ile ile juu ya kidonda. Mahindi yana mizizi yake kamili, kijana, ndiyo maana yanakushukuru.

Sasa swali lako la kuurudisha. Kwa kawaida ninakataza. Mti uliohamishwa vibaya ukiuhamisha tena unauvunjia hata vile vinyweleo vichache ulivyoanza kuota. Mtu akiniuliza huwa namwambia auache, apunguze maji, akae mbali nao. Lakini kama chini kumeoza, kuuacha ni kuuzika. Kwa hiyo fanya vipimo kwanza. Kijiti cha dada wa Njombe ni kizuri. Inamia unuse tundu la chini la ndoo. Udongo wenye afya unanuka mvua, uliooza unanuka yai viza. Halafu kwa ukucha kwangua gome kidogo, anza nchani mwa tawi tupu ushuke kuelekea kwenye shina. Ukikuta kijani kibichi chini ya gome, hapo pana uhai. Ukikuta kahawia na pakavu, shuka tena.

Njoo na majibu. Na usimwagilie kitu leo.

---

Fundi_Kihesa

Nawasalimu kutoka Iringa. Mimi ni fundi ujenzi, maua ni ya mke wangu, lakini hapa mmenigusa. Mzee umegusa kila kitu ila kokoto umeziruka. Zile kokoto za chini si ndizo zinazosaidia maji yashuke? Kila chungu nilichotengeneza cha sementi naweka kokoto. Hata chini ya sakafu ya nyumba tunaweka mawe na kokoto kwa ajili ya unyevu. Kwa hiyo kijana hapo alipatia.

---

MwalimuWaIyunga

Shikamoo babu, na asante dada wa Njombe. Nimefanya kama mlivyosema.

Kijiti kimetoka na tope. Si unyevunyevu, tope lenyewe, linateleza, wakati juu pamepasuka. Harufu ipo. Ndoo ina tundu moja, tena liko ubavuni, vidole viwili juu kutoka chini, kwa sababu niliomba maji yasichafue sakafu na kijana akasema hapo panatosha. Majani yanayodondoka yalianza ya ndani, sasa hata ya nchani, mengine bado ya kijani kabisa.

Kukwangua: shina lote ni kijani. Matawi karibu yote ni kijani. Mawili ya upande wa jiko nchani ni kahawia, nikishuka kama kiganja kimoja nakutana na kijani. Nilifurahi mpaka nikamwita mwanangu aje aone.

Samadi ilikuwa inanuka, ndiyo. Tulifungua madirisha.

---

DadaMaabara_Iringa

Naingilia kwa sababu ya neno moja ambalo limepita bila mtu kulishika: jiko. Mimi ni mtu wa maabara, nisameheni nikiongea kemia.

Mkaa usioungua vizuri, hasa jiko linapowashwa na linapofifia, hutoa gesi kadhaa. Moja ni ethilini. Watu wa Rungwe mnaijua bila kuijua: ukivundika ndizi shimoni na kuzifukiza moshi, kinachoharakisha kuiva ni hiyo. Kwenye ndizi inaivisha, kwenye fikasi inaliamuru jani liachie tawi. Fikasi ya majani madogo ni nyepesi kuitikia hiyo gesi, ndiyo maana unaona hata majani ya kijani yanadondoka, na ndiyo maana upande wa jiko ndio ulioumia zaidi. Ongeza joto kavu linaloyakausha majani wakati mizizi haina uwezo.

Lakini mti ni jambo dogo. Gesi nyingine ni monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, na katika sebule iliyofungwa usiku inaua watu wakiwa wamelala. Kila kipupwe tunasikia familia imekutwa asubuhi. Toa hilo jiko mwalimu, hata kama huu mti ungekuwa wa plastiki. Mablanketi, masweta, chupa ya maji ya moto kitandani.

---

MamaMaua_Njombe

Asante dada kwa kulisema hilo. Huku kwetu baridi ni kubwa kuliko Mbeya na bado jiko linabaki nje. Linaingia sufuria tu.

---

BabuMiche_Tukuyu

Dada wa maabara amenifundisha jambo uzeeni. Ndizi nimevundika tangu utotoni, na sikuwahi kufikiri kwamba moshi ule ule unaweza kuvua mti nguo. Toa jiko, mwalimu, leo hii.

Fundi wa Kihesa, karibu. Umeniletea mfano mzuri kuliko nilioutafuta mwenyewe. Chini ya sakafu mnaweka mawe ili unyevu wa ardhini usipande hadi kwenye zege, si ndiyo? Na kwa nini haupandi? Kwa sababu maji yanayonyonywa na udongo laini hushindwa kuvuka nafasi kubwa zilizo kati ya mawe. Sasa pindua hiyo kazi yako kichwa chini. Maji yaliyo kwenye udongo laini wa ndoo nayo hayataki kuvuka kwenda kwenye kokoto, yanasimama mpakani mpaka udongo ule ulowe kabisa, ndipo yaanze kudondoka. Kwa hiyo kokoto hazikuondoa bwawa, zimelipandisha juu karibu na mizizi, na zimekula nafasi ya udongo. Kinachoondoa maji ni tundu lililo chini kabisa, na udongo wenye nafasi tangu juu hadi chini. Weka kigae kimoja juu ya tundu udongo usimwagike, inatosha.

Mwalimu, majibu yako yameamua. Tope, harufu, tundu ubavuni. Huu unatoka. Shina kuwa kijani ni habari njema sana, una akiba.

Chombo: usirudi kwenye kopo la lita 4, lakini usikae kwenye 20. Tafuta kitu ambacho ukiweka mzizi katikati unabaki na upana wa vidole viwili kila upande, pengine kopo la lita 6 au 8. Toboa matundu manne au matano chini, penye sakafu ya kopo, kwa msumari wa moto. Chini weka kisahani, na maji yakishatiririka umwage kisahani. Sakafu yako itapona.

Udongo: hapa watu wa nyanda hizi tuna utajiri ambao tunaupita kwa viatu. Ukija barabara ya huku kwetu, penye kingo zilizokatwa kuzunguka Mlima Rungwe, utaona tabaka la vijiwe vyepesi, vyeupe au vya kijivu, vina matundu matundu, ukivitupa kwenye maji vinaelea. Ni mabaki ya mlipuko wa volkano wa zamani. Wengine wanasugulia miguu. Vile ndivyo ninavyochanganyia udongo wa vyungu: vinashika unyevu kidogo ndani ya matundu yake na vinaacha hewa ipite. Ponda viwe vya ukubwa wa punje za mahindi, pepeta vumbi lake. Chukua sehemu mbili za udongo mweusi tifutifu wa juu, sehemu moja ya vijiwe, sehemu moja ya pumba za mpunga zilizokaa muda, zimeshaanza kuwa nyeusi. Pumba mnazo tele, magunia kwa magunia kutoka Mbarali na Kyela. Ukikosa vijiwe tumia mchanga mnene wa mto uliooshwa, au chenga za mkaa, huo mkaa wa jiko utakaokuwa umebaki bila kazi. Samadi usitie hata chembe.

Kuhamisha: fanya asubuhi jua likishapasha hewa, ndani au kivulini. Laza ndoo ubavu, utoe bonge lote kwa mikono. Usioshe. Usikung'ute. Bomoa tope la pembeni kwa vidole taratibu, lililong'ang'ania mizizi liache. Mzizi mweusi unaoteleza na kubanduka ganda ukiuvuta, kata. Mzizi mweupe au wa kahawia ulio mgumu usiuguse hata kama ni mrefu, uzungushe. Shina likae kwenye kina kile kile ulichokuwa nacho kwenye kopo la kwanza, usilizike zaidi. Jaza udongo, gonga kopo chini mara chache udongo ukae wenyewe. Hakuna ngumi. Chomeka kijiti kimoja kirefu na uufunge mti kwa kitambaa laini, kwa sababu mti ukitikisika kila mtoto akipita, vinyweleo vipya vinakatika kabla havijashika.

Mwagilia mara moja maji yaliyolala ndani ya nyumba, si ya bomba ya asubuhi yanayoganda mikono. Mwagilia mpaka yatoke chini. Halafu funga mikono. Kijiti kikitoka kikavu nusu ya kina cha kopo ndipo umwagilie tena. Njia yangu nyingine ni kunyanyua kopo. Ukishajua uzito wake likiwa limetoka kumwagiliwa, mkono utakuambia.

---

MamaMaua_Njombe

Mimi naongeza mfuko. Chukua mfuko mkubwa wa nailoni unaopitisha mwanga, simamisha vijiti vitatu usigusane na majani, ufunike mti wote. Hewa ya ndani inakuwa na unyevu, majani yanapoteza maji kidogo, mizizi inapata nafasi ya kupumzika. Kila siku fungua kidogo upate hewa, ukiona matone mengi yanatiririka ndani fungua zaidi. Usiweke penye jua la moja kwa moja ukiwa umefunika, utaupika.

Na mahali: mwanga mwingi bila jua kuupiga, hatua moja au mbili kutoka dirishani. Ukishapachagua usiuhamehamishe tena.

Kuhusu kukata, mimi huwa napunguza theluthi ya majani ili mizizi isizidiwe.

---

BabuMiche_Tukuyu

Hapo kwenye theluthi nakataa, dada, kwa heshima. Mti wenye majani yake yote ningeweza kukubaliana nawe. Huu umeshajipunguza wenyewe kupita theluthi. Majani yaliyobaki ndiyo jiko lake la chakula, na chakula hicho ndicho kitakachotengeneza mizizi. Kata zile ncha mbili za kahawia tu, ukomee pale kijani kinapoanzia, juu kidogo ya kifundo. Utatoka utomvu mweupe, usikuguse macho, una muwasho, nawa mikono. Watoto wasiutie mdomoni.

Mengine yaliyo matupu lakini ya kijani yaache. Hujui wapi utachipua, na mimi sijui, mti unajua.

---

MamaMaua_Njombe

Sawa mzee, kwa huu nakubali. Kwa ya kwangu tutabishana siku nyingine.

---

Kijana_wa_Soweto

Nimenyamaza nasoma. Lakini mbolea itaingia lini? Maana hamjasema.

---

BabuMiche_Tukuyu

Swali zuri, na limekutoka wewe. Mbolea ni ya mti unaokula. Subiri uone majani mapya yamefunguka kabisa, si vichipukizi tu, na hali ya hewa imepata joto. Kwa Mbeya naona Septemba kwenda Oktoba. Hapo mboji iliyooza vizuri, kiganja kimoja juu ya udongo, au mbolea ya maji kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Na huo ndio msimu mwalimu alipaswa kushauriwa kuhamisha tangu mwanzo, joto linapanda na mti unataka kukua wenyewe. Juni unahamisha tu mti unaozama.

---

MwalimuWaIyunga

Nimerudi. Samahani kwa kimya, tulikuwa na mitihani ya shule.

Nilifanya yote. Vijiwe nilitumiwa na dereva wa kosta za Tukuyu, alinicheka sana kwamba nalipia nauli ya mawe. Chini ya ndoo palikuwa pabaya, karibu nusu ya mizizi ilikuwa nyeusi na ganda linabanduka kama babu alivyosema. Iliyo mizima ilikuwa upande wa juu. Mfuko niliufunga, mume wangu akauliza kama tumelaza mgonjwa sebuleni.

Jiko limetoka. Watoto walilalamika siku za mwanzo, sasa wanalala na soksi.

Majani yaliendelea kudondoka kwa muda hata baada ya kuhamisha, nikaogopa kuandika hapa. Halafu yakasimama. Kwa sasa Agosti inaisha, naona kwenye shina na kwenye yale matawi matupu ncha ndogo za kijani zilizochongoka, zimefungwa kwenye kiganda chembamba. Nyingi ziko upande ule ule uliokuwa na jiko, ambao nilitaka kuukata wote. Nimemwagilia mara chache sana, mkono umeshajua uzito.

Jirani nimemweleza kila kitu. Alinyamaza kidogo, akasema hata yeye aliwahi kuuhamisha ukadondosha majani yote ukabaki fimbo, ila hakuwahi kuniambia kwa sababu alijua ningekataa kuupokea.

Mfuko niutoe lini?

---

MamaMaua_Njombe

Hongera sana! Usiutoe kwa siku moja. Anza kuuacha wazi saa chache mchana, uongeze polepole, mpaka uone majani machanga hayalegei ukiwa wazi kutwa nzima. Ukiutoa ghafla kwenye hiyo hewa yenu kavu utaanza upya.

---

Mpasua_Mbao_Mafinga

Mjadala mzuri. Sisi huku hatuna vijiwe wala pumba, tuna maranda ya misonobari ya Sao Hill mpaka hatujui tuyapeleke wapi. Naweza kuchanganya maranda badala ya pumba?

---

BabuMiche_Tukuyu

Mabichi hapana. Maranda yanapooza ndani ya udongo, vijidudu vinavyoyaozesha vinachukua naitrojeni kutoka kwenye udongo huo, mti unabaki njano na utadhani ni maji. Yalundike nje, yaloweshe, changanya na samadi na majani mabichi, yageuze kila baada ya muda, yakae msimu mzima wa mvua mpaka yawe meusi na yasinuke mbao. Hapo tumia. Maganda ya gome la msonobari yaliyopondwa na kukaa muda ni mazuri zaidi kuliko maranda yenyewe, yanakaa na nafasi muda mrefu. Hayo mnayachoma, nimeyaona.

---

Fundi_Kihesa

Mzee, vyungu vya mke wangu nimevimwaga kokoto zote, nimetoboa chini upya kwa drili. Sasa ananiuliza kama mwalimu anaweza kumpa kikonyo cha hiyo fikasi.

---

MwalimuWaIyunga

Nitampa, fundi, lakini si sasa. Babu, nikate lini na kwa urefu gani?

---

BabuMiche_Tukuyu

Subiri mvua za Novemba zianze na matawi mapya yakomae kidogo. Kata sentimita 10 hadi 15 kutoka nchani, toa majani ya chini, chovya kidonda kwenye maji mpaka utomvu ukome, kisha ukipande kwenye mchanga na pumba, chini ya mfuko ule ule. Chukua vitatu, kimoja kitakufa.